Namna ya Kutuliza Kiendelezi cha Maktaba Bila Kukiondoa

Kwa msomaji anayetegemea majarida yanayolipiwa na chuo chake, kiendelezi cha maktaba, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari cha intaneti, ni msaada mkubwa, kwa kuwa hutambua makala aliyoifungua, mara nyingi kwa kusoma namba yake ya DOI (namba ya kudumu inayoitambulisha makala), kisha humwelekeza kwenye nakala ambayo maktaba imekwisha kuilipia. Hata hivyo, kile nilichokitumia wakati wa kuandika tasnifu yangu kiliniletea ujumbe usiotakiwa hata nilipofungua gazeti au duka la mtandaoni, na baadhi ya wanafunzi wenzangu waliudhika wakakiondoa kabisa. Nawasihi wasomaji wasifanye hivyo upesi, kwani kero hii ina dawa.

Wengi huanza kwa kuwasha kizuizi cha madirisha ibukizi kilichomo ndani ya kivinjari, kisha hushangaa kuona hakuna kilichobadilika. Kizuizi hicho huizuia tovuti isifungue dirisha jipya bila idhini yako, ilhali ujumbe wa kiendelezi huwekwa ndani ya ukurasa uleule unaousoma, tena na programu uliyoiruhusu wewe mwenyewe siku ulipoisakinisha na kukubali isome na kubadilisha data yako katika tovuti zote. Ruhusa hiyo pana ndiyo inayopaswa kupunguzwa.

Kwanza hakikisha chanzo. Fungua ukurasa uleule katika dirisha la faragha, ambamo kwa kawaida Chrome na Firefox haziruhusu viendelezi kufanya kazi mpaka uamue vinginevyo. Ujumbe ukitoweka, rudi kwenye dirisha la kawaida ukizime kiendelezi hicho peke yake ili uthibitishe. Ikiwa ujumbe hutokea kwenye kona ya skrini hata unapotumia programu nyingine, huenda ni arifa ya tovuti fulani, nayo huzimwa katika mipangilio ya arifa.

Ukishathibitisha, katika Chrome andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani, fungua maelezo ya kiendelezi, kisha ondoa ruhusa ya tovuti zote na uingize zile unazosomea tu, kama vile jstor.org, sciencedirect.com, link.springer.com na tandfonline.com. Katika Firefox ukurasa wa about:addons una sehemu ya ruhusa, ingawa si kila kiendelezi kinachokubali kubanwa namna hii. Ipo pia njia ya kukiruhusu kifanye kazi pale tu unapokibofya, nayo inamfaa anayesoma majarida mara mojamoja. Kwa mtafiti wa kila siku naona orodha ya tovuti ni bora zaidi. Faida yake inazidi utulivu wa macho, kwa sababu kiendelezi cha maktaba hakina haja yoyote ya kusoma ukurasa wa benki yako au wa barua pepe zako.

Ikiwa ujumbe unaendelea kujitokeza hata ndani ya tovuti za majarida, mwandikie mkutubi wa chuo chako. Baadhi ya viendelezi hivi husimamiwa na maktaba yenyewe, ambayo huamua ujumbe gani uonekane na katika tovuti zipi, hivyo malalamiko yenye anwani ya ukurasa, jina la kivinjari na picha ya skrini humwezesha kurekebisha jambo hilo kwa wasomaji wote wa chuo kwa mara moja.