Kigae cha Mambrui na tanuri lake

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwanangu ameokota kigae cha kijani ufukweni Mambrui. Jirani anasema kimetoka China. Je, tanuri lililokichoma bado lipo, na linatunzwa? – Mama, Malindi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kigeuze kwanza. Kama ni kipande cha kitako, na pale kinapokalia meza hapana rangi ila udongo ulioiva wekundu, basi jirani huenda kapatia. Vingi vya Longquan, mkoani Zhejiang, viko hivyo, na vyombo vya huko vimefukuliwa Gede, Manda na Kilwa.

Matanuri ya Longquan yalikuwa marefu, membamba, yamelala juu ya mteremko. Moto uliwashwa chini, kisha kuni zikaongezwa kupitia vitundu vya ubavuni kadiri joto lilivyopanda. Kila bakuli lilikaa ndani ya kikasha cha udongo lisiangukiwe na majivu. Hewa ikibanwa, chuma kidogo kilichomo kwenye rangi hutoa kijani. Ikizidi, bakuli hutoka la manjano.

Mabaki yapo, hasa Dayao, kijiji cha huko Longquan, palipowekwa chini ya ulinzi wa taifa mwaka 1988. Usitarajie jengo, lakini. Utaona mtaro wa udongo ulioungua, na kando yake vilima vya vyombo vilivyoharibika: bakuli zilizogandana, vikasha vilivyopasuka. Kwangu mimi majalala hayo yana thamani kuliko tanuri lenyewe. Yalitupwa tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo anayeyachimba kwa utaratibu hujua ua fulani lilianza kuchorwa lini. Akitangulia mwenye sululu anayetafuta cha kuuza, mpangilio umekwisha, hata akirudisha kila kigae. Mashariki ya Longquan tishio lilikuwa jingine: bwawa la umeme la Jinshuitan. Wanaakiolojia walilazimika kuchimba mbiombio kabla maji hayajafunika.

Ufundi wenyewe haujafa. UNESCO iliuorodhesha mwaka 2009, na wafinyanzi wa Longquan bado wanachoma.

Ama kigae chako, usikisugue kwa siki wala kukipaka gundi. Andika mahali hasa kilipookotwa, kisha mpeleke mtoto nacho makumbusho ya Gede akakikabidhi mwenyewe. Na wanaopita mitaani wakinunua vigae, usiwauzie.