Barabara za Riverside hazinyooki

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini barabara za Riverside, mji wa jimbo la Illinois huko Marekani, zinajikunja hata mgeni anapotea mchana kweupe, ilhali Chicago, maili 9 tu kutoka hapo, imenyooka kama mistari ya daftari.

Zilipindwa makusudi. Reli ilipita hapo mwaka 1864, na mwaka 1868 wawekezaji wakiongozwa na Emery Childs wakachukua ekari 1,600 kando ya mto Des Plaines. Walitaka mtu afanye kazi jijini, jioni apande treni arudi kwenye miti. Wakawaita Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, waliobuni Central Park, bustani kubwa ya New York. Kwa Olmsted, barabara iliyonyooka humhimiza mtu kukimbilia mbele. Iliyopinda humpa utulivu.

Lakini utamu wa mji huo uko chini ya miguu. Ardhi ya huko ni tambarare, maji hutuama, na barabara ya udongo hugeuka tope. Kwa hiyo mitaro, mabomba ya maji na ya gesi vilitakiwa vitangulie nyumba. Barabara nazo zilichimbwa ziwe chini kidogo ya viwanja: ukichungulia dirishani, nyasi za kwako zinaungana na za jirani wa ng'ambo, wala huoni ufa wa njia katikati. Sharti lilikuwa nyumba irudi nyuma futi 30 kutoka barabarani, na mwenyewe atunze mti mmoja au miwili mbele yake.

Hesabu ndiyo iliyowaponza. Fedha zote zilizikwa ardhini kabla viwanja havijauzwa. Olmsted na Vaux, walioahidiwa kulipwa kwa viwanja badala ya fedha (malipo gani hayo!), walijitoa mwaka 1870. Mwaka 1871 Chicago ikaungua, mafundi na mitaji vikakimbilia kuijenga upya. Mdororo wa 1873 ukaimaliza kampuni ya wawekezaji hao. Wakazi wachache waliobaki wakajiundia serikali yao ya mji mwaka 1875. Mistari ya barabara ilibaki vilevile, maana mpaka wa kila kiwanja unaifuata. Ukiinyoosha unakata uwanja wa mtu.

Taa za gesi bado zinawaka. Ukipotea tena, tafuta mnara wa maji uliobuniwa na msanifu majengo William Le Baron Jenney mwaka 1871. Stesheni iko hapohapo karibu.

Mzazi wako