Kusali Tromsø jua lisipozama

Swali: Assalamu alaikum sheikh. Nafanya kazi Tromsø, kaskazini ya Norwei. Mwezi huu wa Juni jua halizami kabisa. Nisali vipi Magharibi, Isha na Alfajiri? Na msimu wa baridi lisipochomoza?

Jibu: Wa alaikum salaam warahmatullah. Sala tano ni wajibu wako kila saa 24, jua lizame lisizame. Maswahaba walipoelezwa siku ya Dajjali itakayokuwa kama mwaka, waliuliza kama sala za siku moja zitawatosha. Mtume (s.a.w.) akajibu: hapana, ikadirieni kadiri yake. Imo katika Sahih Muslim, kutoka kwa Nawwas bin Sam'an. Ila watu hukimbilia kukadiria hata sala ambayo alama yake ya jua au kivuli wanaiona. Alama ikiwepo, ifuate. Kinachokadiriwa ni kilichokosekana.

Kwako sasa Adhuhuri na Alasiri zina alama. Simika kijiti cha mita moja mahali tambarare. Kivuli kikifupika mpaka kuelekea kaskazini hasa, sentimita kama 104, kisha kikaanza kurefuka upande wa mashariki, jua limepinduka na Adhuhuri imeingia: saa sita na dakika 46 mchana hivi. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafi'i, ni kivuli hicho ukiongeza urefu wa kijiti, yaani sentimita 204, na huwa karibu saa kumi na mbili jioni.

Tatu zilizobaki zikadirie kwa Makka, lakini hesabu umbali wake kutoka Adhuhuri. Mwishoni mwa Juni, Magharibi ya Makka huja saa 6 na dakika 45 baada ya Adhuhuri, na Alfajiri saa 8 na dakika 10 kabla yake. Hivyo kwako Magharibi ni saa moja na nusu jioni, Isha saa tatu usiku, Alfajiri saa kumi na dakika 35. Saumu ya sunna nayo hufuata mipaka hiyo. Kosa kubwa ni kunakili saa za Makka kama zilivyo kwenye simu: Adhuhuri itasomeka saa sita na dakika 22, wakati kwako jua halijapinduka, na sala iliyotangulia wakati wake haisihi.

Desemba mambo hugeuka. Giza kamili lipo, kwa hiyo weupe wa alfajiri hutokea kweli, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Isha huingia kama saa kumi na moja jioni. Hapo usikadirie kwa Makka, maana Magharibi yake itaangukia baada ya Isha yako. Chukua mji wa kusini yako wenye jua, mfano Trondheim, uhesabu umbali wake vilevile kutoka Adhuhuri: Adhuhuri yako saa tano na dakika 42, Alasiri takriban nusu saa baadaye (mapumziko ya chakula yanatosha kwa zote mbili, kila moja kwa wakati wake), na Magharibi karibu saa nane mchana.

Katikati ya Januari jua likichungulia, hata kwa dakika chache, kadirio la Magharibi limekwisha, utasali linapozama.