Kabla hujanunua mashine ya lebo za CD kwa ahadi ya rangi

Mwaka 2008 nilikuwa na kibanda cha kuchoma CD na DVD hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Kazi zilikuwa za harusi, kipaimara, na hasa kwaya. Jamaa mmoja akaniuzia draivu ya LightScribe, mtumba. Unachoma nyimbo, unatoa CD, unaigeuza uso chini, leza ileile inachora lebo upande wa juu. Hakuna wino, hakuna karatasi. Ilitoa rangi moja tu, kijivukijivu, lakini jamaa akanituliza: "Kaka, rangi zote zinakuja. Wewe utaapdeti tu."

Nilimwamini, na kusema kweli hakunidanganya moja kwa moja. Programu ya LightScribe ilikuwa inaapdetiwa kweli, ili draivu itambue CD mpya zinazoingia sokoni. Na CD zenyewe zikaja na rangi: nyekundu, bluu, kijani, njano, machungwa. Nikanunua pakiti ya nyekundu, nikaiweka mbele kabisa dukani.

Akaja mama mwenyekiti wa kwaya, anataka kopi 60, na juu iwekwe picha ya wanakwaya na sare zao za zambarau. Nikamchomea moja ya mfano. Akaishika, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. "Mwanangu, sare zetu mbona zimekuwa za msiba?"

Maana picha ilikuwa nyeusi juu ya wekundu. Rangi ilikuwa ya CD, mashine haikuongeza kitu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichonunua. Teknolojia hiyo ilitoka HP, ikatangazwa 2004, na ilitumia leza ya kawaida ya kuchomea CD, ya nanomita 780, mwanga ambao hata macho hayauoni. CD imepakwa dawa upande wa lebo. Leza ikiipiga, dawa inapata joto na kubadilika rangi. Basi. Leza ni kama mkaa chini ya muhindi: unaweza kuuchoma kidogo au ukauunguza kabisa, lakini huwezi kuuambia mkaa utoe punje za kijani.

Apdeti inaweza kubadilisha nguvu ya leza, mwendo wa kuzunguka, na orodha ya CD inazozitambua. Haiwezi kuweka leza nyingine ndani ya draivu. Ili upate picha ya rangi kamili, CD ingehitaji dawa kadhaa, kila moja iamshwe peke yake bila kuigusa jirani yake, na draivu yenye njia ya kuchagua ipi iamke. Yangu haikujengwa hivyo. Yamaha na Fujifilm nao walikuwa na yao, Labelflash, yenye DVD zake, na yenyewe rangi moja vilevile.

Tena kuna muda. Lebo ya uso mzima ilikula dakika 20 hivi. Piga hesabu ya kopi 60: saa 20, draivu moja, na umeme wetu ule. Jambo moja naisifia: katikati ya CD kuna alama ambazo draivu inazisoma, kwa hiyo umeme ukikatika unairudisha tu na inachora palepale ilipochora mwanzo, bila kupishana. Lakini jua hailiwezi. CD niliyoibandika dirishani kama tangazo ilipauka mpaka bwana harusi akabaki shati.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kifaa chochote cha lebo na kukuahidi rangi baadaye, muulize: hiyo rangi inakaa wapi? Ikiwa ipo kwenye CD, unanunua kifaa cha kupasha joto, na utategemea CD maalumu milele. Zikiadimika kama zilivyoadimika za LightScribe, umekwisha. Ikiwa ipo kwenye wino, hapo kuna mazungumzo. Mimi niliishia kwenye printa ya Epson L800, ya matangi sita ya wino na trei ya kuwekea CD nyeupe za kuprintia. Sare zikatoka zambarau. Kasoro yake ni vidole vyenye maji, wino unatoka. Ziache zikauke kabla hujazipanga. Stika za karatasi sikushauri kabisa, zikibanduka upande mmoja CD inayumba ndani ya deki.

Siku hizi wateja wengi wanataka flashi, lakini kwa wazee wa Rombo na Machame wenye deki zao bado nachoma. Draivu ile ya 2008 ndiyo inayofanya kazi hiyo, kama draivu ya kawaida. Upande wa lebo sijaugusa miaka mingi.