Ukiumwa tumbo muda mrefu, ulizia na mifupa

Swali: Nina ugonjwa wa Crohn (ule wa utumbo kuvimba na kutoa vidonda) mwaka wa tatu sasa, juzi dokta kaniandikia kipimo cha mifupa. Mimi naumwa utumbo, mifupa inahusikaje?

Jibu: Inahusika sana dada. Kalsiamu na vitamini D zinafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, sasa ukiwa na vidonda au umekatwa kipande unaweza ukala vizuri tu na mwili usipate. Halafu ugonjwa wenyewe ukiwa umewaka unamwaga kemikali kwenye damu zinazochochea seli za kumung'unya mfupa, kwa hiyo hata unywe maziwa kiasi gani, bila kuutuliza ugonjwa mfupa unaendelea kuliwa. Na kuna prednisolone, dawa ya steroid ya kutuliza uvimbe, hii ndo inaniuma zaidi. Inaokoa watu kweli, ila ukiimeza kila siku, ndani ya miezi 3 hadi 6 tu hatari ya kuvunjika inakuwa imeshapanda, na wengi wanapewa bila kuambiwa neno lolote kuhusu mifupa! Muulize dokta utakaa nayo mpaka lini na kama kuna dawa nyingine ya kukutoa huko. Usiiache ghafla tafadhali, mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake, unaweza ukazidiwa vibaya hata kufa.

Kipimo kinaitwa DEXA, ni eksirei ya kupima uimara wa mifupa, kafanye, hakiumi, unalala tu dakika chache. Alama yake (T-score) ikisoma -2.5 au chini ya hapo, mifupa imeshadhoofika.

Swali: Maziwa yananiharisha, nifanyeje?

Jibu: Jaribu mtindi kidogo kidogo, wengi unawakubali. Dagaa wale wazima na mifupa yake. Sukuma wiki pia, kuliko mchicha, maana kalsiamu ya mchicha mwili hauichukui vizuri. Mtu mzima anahitaji kama mg 1000 kwa siku, mama wa zaidi ya miaka 50 mg 1200.

Swali: Mama yangu ana vidonda vya tumbo, anameza omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) miaka mingi, tumesikia zinavunja mifupa. Aache?

Jibu: Asiache kienyeji. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari 2010, hasa kwa dozi kubwa za muda mrefu, lakini hatari yenyewe ni ndogo, na kama vidonda vyake viliwahi kutoa damu kuacha ni hatari zaidi. Arudi aulize kama bado anazihitaji. Vidonge vya kalsiamu kaboneti ameze na chakula, vinahitaji asidi.

Swali: Mzee wetu alikatwa sehemu ya tumbo zamani, juzi kateleza bafuni kavunja mkono. Si uzee tu?

Jibu: Hapana, poleni sana. Mtu akianguka tu kutoka alipokuwa amesimama akavunjika, ule mfupa ulikuwa dhaifu tayari, na kukatwa tumbo ni sababu inayojulikana. Msiishie kwenye POP (plasta ngumu), ombeni apimwe mifupa na vitamini D. Akiandikiwa alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa, mkumbusheni dokta kuhusu ile operesheni, maana kile kidonge kinaweza kuunguza umio, kinamezwa na glasi nzima ya maji na unakaa wima nusu saa, asiyekiweza ipo dawa ya kuchomwa kwenye mshipa. Na bafuni wekeni mkeka usioteleza na taa, leo leo.