Isopropanoli chini ya meza ya fundi simu

Umeuliza kama dumu la lita 5 la isopropanoli, ile spiriti ya kusafishia bodi za simu, linaweza kukaa chini ya meza unayolehemia, na kwa nini kichwa kinakugonga jioni. Hapana kaka, halikai hapo, hata kama umekaza kifuniko. Mvuke wake huweza kushika moto kuanzia nyuzijoto 12 hivi za Selsiasi. Dar mchana ni 30 na ushee, kwa hiyo ukifungua tu, mvuke wa kuwaka uko tayari. Tena ni mzito kuliko hewa mara 2, haupai dirishani kama moshi. Unashuka, unatambaa sakafuni hadi kwenye ekstensheni au swichi ya feni, kisha moto unarudi nao mpaka dumuni.

Mimi mezani naweka kichupa cha mililita 50, basi. Dumu liko stoo kivulini, mbali na jenereta. Ukishaipiga bodi brashi, iache ikauke kabisa, hasa chini ya chipu ambako hujificha, ndipo uwashe bloa ya hewa moto. Mwaka juzi niliharakisha: pu! Nywele za mkono zikaenda. Niliufunika moto kwa kitambaa kilicholoa maji ukazimika, bahati yangu kichupa kilikuwa kimefungwa.

Hicho kichwa kinachokugonga jioni huenda ni mvuke huohuo. Fungua mlango na dirisha; barakoa ya kitambaa haiuzuii. Usiichanganye isopropanoli na Jik, inatoka sumu. Na tafadhali usiimimine kwenye chupa ya maji ya kunywa, wateja wenyewe wana kiu na rangi ni ileile.