Diski Imejaa na Harusi Haijahaririwa

Desemba ikipita, maswali yanayonifikia hufanana. Watu wamerekodi ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), harusi na ubatizo, sasa wanataka kuhariri wenyewe nyumbani, na kompyuta inasema haina nafasi. Nimechagua machache.

Nimefuta nusu ya klipu za harusi ya mdogo wangu ndani ya DaVinci Resolve, lakini nafasi haijaongezeka hata chembe. Kwa nini? (Msomaji wa kike, Buruburu)

Kwa sababu hujafuta kitu, dada. Ulichoondoa ni maelezo tu ya mahali klipu ilipo. Faili yenyewe ingali kwenye folda yake, mzima kama ulivyoiacha. Programu nyingi za kuhariri hufanya hivyo, na ni bahati yako, maana ukijutia klipu uliyoitoa unairudisha.

Kabla hujakimbilia kufuta faili zenyewe, tafuta kwanza nani anakula nafasi. Ikiwa unatumia Windows, pakua WizTree, ambayo ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Itasoma diski kwa muda mfupi, kisha ikuchoree kila folda kama kisanduku, na folda kubwa hupata kisanduku kikubwa. Wengi hushangaa kukuta kisanduku kinachotawala kioo kizima si harusi, bali ni folda wasiyoijua. Kwenye Resolve inaitwa CacheClip. Premiere Pro huificha ya kwake ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya Windows, kwa jina Media Cache Files. Humo ndimo programu huweka vipande ilivyoviandaa mapema ili picha isikwamekwame unapoitazama. Umejaribu rangi tatu kwenye gauni la bibi harusi kabla ya kuridhika? Huenda vipande vya zile mbili ulizozikataa bado vimo.

Vipande hivyo huitwa kashe, nayo ifute bila woga. Kwenye Resolve fungua menyu ya Playback, kisha Delete Render Cache. Chagua Unused ikiwa ungali kazini, au All ukishatoa (export) video iliyokamilika. Kwenye Premiere Pro iko Preferences, sehemu ya Media Cache. CapCut nayo ina mahali pa kashe kwenye mipangilio yake, ila usiguse kwa mkono folda yake ya rasimu, kwani hiyo ndiyo kazi yako yenyewe. Halafu mwaga pipa la taka. Faili iliyomo pipani inakula nafasi ileile iliyokuwa ikila nje.

Mimi kabla ya kufuta chochote hujiuliza: kompyuta inaweza kukitengeneza tena? Kashe inaweza. Mama akifuta machozi binti yake akiondoka nyumbani, hiyo haitengenezeki tena.

Nilirekodi ruracio kwa iPhone, 4K ya fremu 60, saa tatu nzima. Nikitumia proksi nitaokoa nafasi? (Msomaji wa kiume, Kasarani)

La, kaka, utaongeza mzigo. Proksi ni nakala nyepesi zinazokaa kando ya video asili. Kazi yake ni kuipunguzia kompyuta jasho. Faida ya nafasi huja kwa mlango wa nyuma: unahamishia video asili kwenye diski ya nje, unahariri kwa proksi zilizo ndani ya laptopu, kisha unaichomeka diski wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Angalia pia aina ya proksi unayotengeneza. Miundo ya video kama ProRes na DNxHR huwa mizito, kwa hiyo kama nafasi ni haba chagua H.264, muundo unaobana zaidi, na upunguze vipimo vya picha hadi nusu au robo.

Tatizo lako hasa lilianzia kwenye kurekodi. Kwa makadirio ya Apple, dakika moja ya 4K kwa fremu 60 ni kama MB 400. Kwa fremu 30 ni MB 170, na 1080p ya fremu 30 ni MB 60. Saa zako tatu basi ni GB 72. Ungerekodi kwa 1080p zingekuwa GB 11 hivi. Najua wapiga video watanijia juu, na kweli 4K inasaidia ukitaka kukata picha na kumsogeza mtu karibu. Lakini saa nzima ya wazee wakizungumzia mbuzi chini ya hema, tena itakayotazamwa kwenye simu? 1080p inatosha kabisa.

Nilihamishia klipu zote kwenye diski ya nje. Sasa kila kitu kimeandikwa Media Offline kwa wekundu, na moyo umenidunda. (Umoja)

Tulia, hakuna kilichopotea. Programu inatafuta faili pale pa zamani. Bofya klipu kwa kitufe cha kulia, chagua Relink au Link Media kutegemea programu, uielekeze kwenye folda mpya. Ukiiokoa moja, mara nyingi zilizo nayo kwenye folda hiyo huifuata. Usibadilishe majina ya faili katikati ya safari.

Kwenye Windows kuna mtego mwingine: diski leo ni E, kesho umechomeka flashi kwanza, nayo ikawa F. Fungua Disk Management uipe herufi ya mbali, tuseme V, nayo itakaa hapo kwenye kompyuta hiyo.

Fundi wa cyber kaniambia nibane video zote kwa HandBrake, kisha nifute asili. Nimsikilize? (Kawangware)

Nusu. HandBrake ni programu nzuri, na kwa 1080p kiwango cha RF (kipimo chake cha ubora) cha 20 hadi 24 hutoa picha safi. Lakini kila kubana upya hupoteza kitu kwenye picha, na video ya simu iliyo tayari HEVC, muundo unaobana sana, haina mafuta mengi ya kuyeyusha. Bana zile za kutazama tu. Zile utakazohariri ziache.

Afadhali ukate. Programu ya LosslessCut huondoa dakika kumi ulizosahau kamera ikirekodi viatu vyako, bila kuibana video upya. Mkato unaweza kuangukia nukta kidogo kando ya ulipotaka, kwa hiyo acha sekunde chache pande zote mbili, uitazame nakala, ndipo ufute ile ndefu.

Kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, nimeonyeshwa flashi ya TB 16 kwa bei ya chakula cha mchana. Ninunue? (South B)

Hapana! Bei hiyo pekee inatosha kukuambia ni feki. Flashi za namna hiyo hudanganya kompyuta kuhusu ukubwa wao. Unanakili, inakubali, na siku ya kufungua unakuta video zimeharibika. Chochote ununuacho, kipime kikiwa kitupu kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac, kabla risiti haijapoa. Ila diski ya TB 1 ikionyesha 931 kwenye Windows, usimrudie muuzaji kwa hasira, kwani ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu. Na ikikataa faili inayozidi GB 4 ilhali nafasi ipo, imeumbizwa kwa FAT32, mpangilio usiobeba faili kubwa kuliko hapo. Iumbize upya kwa exFAT, ukijua kila kilichomo kitafutika.

Nikituma video WhatsApp, naweza kufuta asili? (Donholm)

Usithubutu. WhatsApp huibana.

Baba ana kanda za MiniDV na VHS za miaka ya tisini. Niandae diski ya ukubwa gani? (Lang'ata)

Kwa MiniDV, piga hesabu ya GB 13 kwa kila saa, na uivute kwa waya wa FireWire ili uipate kama ilivyo. VHS ndiyo yenye hatari: ukiiingiza bila kubanwa kabisa inaweza kula GB 75 kwa saa, nayo picha yake haistahili gharama hiyo. Weka kifaa cha kuingizia kwenye H.264 ya kiwango cha juu, ukichagua mfumo wa picha wa PAL kwa kanda zilizorekodiwa hapa Kenya. Mashine ya kuchezea kanda inayofanya kazi itakusumbua kuipata kuliko diski, kwa hiyo ukiazimwa moja, ingiza kanda zote kabla ya kuirudisha. Kuhariri kutasubiri.